Barua ya Kupunguzwa Kazi Mombasa: Hatua za Kuchukua, Hata Ukiwa Mjamzito au Kwenye Likizo ya Uzazi

Sheria inamruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kazi ikipungua. Haimruhusu kuwaita watu watano ofisini Ijumaa jioni, kuwapa bahasha na kuwaambia Jumatatu wasije. Katikati pana utaratibu, nao umo katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Mwajiri mwenye sababu nzuri kabisa hushindwa kortini kwa kuruka hatua moja. Mfanyakazi mwenye haki tele naye hupoteza kwa kutia sahihi karatasi ambayo hakuisoma. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza una kazi mbili: kuhesabu tarehe na kutunza karatasi.

Barua yenyewe huja kwa Kiingereza mara nyingi. Neno la kutafuta ni "redundancy", ambalo mahotelini na bandarini watu huliita ridandansi. Pesa zinazoandamana nalo huandikwa "severance pay". Hapa tutaziita malipo ya kupunguzwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kupunguzwa kweli

Kupunguzwa ni kupoteza kazi bila kosa lako, kwa uamuzi wa mwajiri, kwa kuwa kazi unayoifanya haihitajiki tena au nafasi yenyewe imefutwa. Mizigo ilipohamia kwenye reli ya SGR, kampuni za malori na bohari za makontena zilibaki na madereva na makarani wengi kuliko kazi iliyokuwepo. Hiyo ni sababu ya kweli. Lakini ukiondolewa leo, na wiki ijayo mtu mwingine yuko kwenye meza ileile, anafanya kazi ileile kwa mshahara mdogo, basi kazi haijapungua, umepungua wewe tu. Tangazo lolote la nafasi yako likitoka, lipige picha pamoja na tarehe.

Barua ikitaja wizi, uchelewaji au utendaji mbovu, hiyo si kupunguzwa. Hapo ulipaswa kuelezwa makosa na kusikilizwa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, kama kifungu cha 41 kinavyotaka. Mwajiri asichanganye vitu viwili: akuite mwizi kwa mdomo, kisha aandike "kupunguza gharama".

Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake ya mwisho, kwa kawaida umekwisha, na huna dai la kupunguzwa. Ukikatizwa katikati, mambo ni mengine.

Kisha kuna suala la msimu, ambalo huku pwani halikwepeki. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua za masika zikishika, hoteli za Nyali hadi Shanzu hupungukiwa wageni na wafanyakazi huambiwa, "Nendeni nyumbani, tutawaita." Likizo ya lazima bila malipo haimo katika Sheria ya Ajira. Mwajiri hawezi kukupeleka kwa nguvu, inahitaji ukubali. Ukiamua kukubali, maana wakati mwingine ni afadhali hiyo kuliko kupoteza kazi, dai maandishi yenye tarehe ya kurudi na sentensi inayosema miaka yako ya utumishi inaendelea kuhesabiwa. Wasiodai hilo huja kuambiwa walianza kazi upya Julai, na miaka minane inageuka kuwa miezi.

Kibarua naye asijitoe. Kwa kifungu cha 37, ukifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au ukipewa kazi ambayo haiwezi kukamilika ndani ya miezi mitatu kwa jumla, sheria inakuhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Aliyepakua magunia kwenye godauni la Shimanzi kila siku kwa miaka miwili, akilipwa jioni, anaweza kudai haki hizi hata kama hakuwahi kupewa barua ya ajira. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuandika mkataba na kutunza rekodi. Akishindwa kuzileta, mzigo wa kukanusha unayosema unamwangukia yeye.

Hatua ya 2: Hesabu barua

Barua ni mbili, na hapa ndipo waajiri huteleza.

Ya kwanza ni notisi ya nia. Inaeleza sababu za kupunguza na ukubwa wake, yaani ni idara gani na ni watu wangapi. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, inakwenda kwa chama. Kama si mwanachama, inaletwa kwako wewe binafsi kwa maandishi. Katika hali zote mbili nakala lazima imfikie afisa wa leba wa eneo hilo, na si chini ya mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuachishwa. Tangazo ubaoni au ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi halitoshi kuwa notisi ya mtu binafsi.

Ya pili ni notisi ya kukuachisha wewe kwa jina, ya mwezi mmoja au zaidi, au mshahara wa mwezi badala yake. Mahakama zimeshika kwamba hizi ni notisi mbili tofauti, na moja haimezi nyingine. Notisi ya nia ikitolewa tarehe 3 Machi, mwajiri anayefuata sheria hawezi kukuachisha kabla ya mapema Aprili, na hata hapo atakupa mwezi mwingine au pesa zake. Kanuni ya kulipa badala ya kusubiri inahusu barua ya pili tu. Ile ya kwanza hainunuliwi.

Fanya jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi: nenda ofisi ya leba ya kaunti, ukiwa na kitambulisho na nakala ya barua yako, uulize kama mwajiri aliwasilisha notisi, na lini. Jibu likiwa "hatuna kitu kama hicho", omba liandikwe au angalau ripoti yako ipokewe na kugongwa muhuri. Karatasi hiyo ina uzito kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Hatua ya 3: Tumia ule mwezi

Mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa ndege, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba ule mwezi wa notisi ni wa mazungumzo: pande mbili zitafute njia ya kuepuka kupunguza watu, na isipowezekana, zipunguze maumivu. Kukaa kimya mwezi mzima ukisubiri hesabu ni kumsaidia mwajiri.

Andika barua fupi kwa meneja wa rasilimali watu. Kiswahili kinatosha, kwa Katiba ya 2010 ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Iwe hivi:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe 3 Machi. Naomba mnijulishe kwa maandishi: vigezo vilivyotumika kuchagua nafasi zitakazoondolewa, kama kuna nafasi nyingine katika kampuni ninayoweza kuifanya, kama mmefikiria kupunguza saa za kazi, kusimamisha ajira mpya au kustaafu kwa hiari kabla ya kuondoa watu, na mchanganuo wa malipo yangu. Naomba pia tarehe ya mkutano."

Ipeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri ikurudie. Mapokezi wakikataa kugonga, itume pia kwa barua pepe yako binafsi. Nasema binafsi, kwa sababu barua pepe ya kazini hufungwa siku ile unapotoka, na ushahidi wako unabaki upande wa pili wa mlango. Hati za malipo za mwezi, rekodi za likizo, barua ya ajira na barua za kupandishwa cheo zitoe nakala sasa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini usibebe orodha za wateja au siri za kampuni. Hilo linampa mwajiri kosa la kukufukuzia.

Hatua ya 4: Pima vigezo vya kuchagua

Sheria inataka mwajiri azingatie ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mfanyakazi wa kundi lile. Ukongwe maana yake, mambo mengine yakilingana, aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Mwajiri anaweza kumwacha mgeni mwenye ujuzi adimu, lakini aonyeshe alivyopima. Mpishi wa miaka kumi akiondolewa, aliyeingia mwaka jana akabaki, na hakuna karatasi ya alama wala tathmini, hapo una hoja. Uanachama wa chama hauwezi kuwa kigezo, wala kutokuwa mwanachama.

Ukiwa mjamzito au kwenye likizo ya uzazi

Tuanze na ukweli usiopendeza. Mimba si kinga kamili. Idara nzima ikifungwa kwa sababu halisi, mwanamke mjamzito anaweza kuondolewa pamoja na wenzake kwa utaratibu uleule. Atakayekwambia mjamzito haguswi kabisa anakudanganya, na ukienda ofisini na hoja hiyo utarudi mikono mitupu.

Ila mimba haiwezi kuwa sababu. Kifungu cha 46 kinaitaja wazi, pamoja na sababu yoyote inayohusiana nayo, kuwa si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa msingi wa ujauzito, na Katiba inarudia hilo katika ibara ya 27. Ukidai ubaguzi chini ya kifungu cha 5, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba haukutokea. Hiyo ni nguvu kubwa, mradi uwe na tarehe.

Ndiyo maana taarifa ya mimba itolewe kwa maandishi. Sheria inataka umjulishe mwajiri kwa maandishi angalau siku 7 kabla ya kuanza likizo, au muda mfupi zaidi ukiwa na sababu ya maana, na anaweza kukuomba cheti cha daktari au mkunga. Siku 7 ni kiwango cha chini tu. Kazini kukianza kunukia kupunguza watu, usingoje. Aliyemwambia msimamizi wake kwa mdomo kwenye korido, kisha jina lake likatokea kwenye orodha wiki mbili baadaye, atapambana na jibu moja: "Hatukujua." Barua yenye muhuri wa tarehe 10, na orodha ya tarehe 24, zinajieleza zenyewe.

Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili. Ikiisha una haki ya kurudi kwenye kazi yako ileile, au kazi inayokufaa isiyo na masharti duni kuliko ya awali. Likizo yako ya mwaka haipotei kwa sababu ulikwenda kujifungua, na miezi hiyo imo katika utumishi wako; asikuambie mtu kwamba mwaka wako haukukamilika kwa kuwa robo yake ulikuwa nyumbani.

Mitego ni ya aina chache, na hujirudia.

Aliyekushikia nafasi anabaki. Uliletewa mtu wa muda, ukamfundisha mwenyewe kabla ya kwenda, sasa unaambiwa nafasi imefutwa naye bado yupo. Andika jina la cheo chake, tarehe aliyoanza, na kazi anazofanya. Nafasi yenye mtu haijafutwa.

Mkutano ulifanyika ukiwa wodini. Kuwa likizo hakukuondoi kwenye mazungumzo. Notisi ya nia lazima ikufikie wewe binafsi au chama chako. Kabla ya kwenda likizo acha namba ya simu, barua pepe na sanduku la posta kwa maandishi, ili mwajiri asiseme alikutafuta Likoni kumbe umejifungulia kwa mama yako Kaloleni.

Alama za utendaji zilishuka. Mauzo ya robo mwaka yakipimwa na wewe hukuwepo robo hiyo, sifuri yako ni ya likizo. Vivyo hivyo siku za kliniki zisihesabiwe kuwa utoro. Omba upimwe kwa kipindi ulichokuwa kazini, na uombe kwa maandishi.

Cheo kimebadilishwa jina. "Karani wa mapokezi" anafutwa, "mratibu wa huduma kwa wageni" anaajiriwa. Weka maelezo ya kazi mbili hizo kando kwa kando. Zikifanana, una kesi.

Kipindi cha majaribio hakiondoi ulinzi wa ubaguzi. Baba naye ana wiki mbili za likizo yenye malipo, na kuitumia si sababu ya kuwekwa kwenye orodha. Ukishauriwa "ujiuzulu kwa heshima ukamlee mtoto, ukitaka utarudi", usiandike barua hiyo. Aliyejiuzulu hakupunguzwa, na malipo ya kupunguzwa yanayeyuka.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla hujapigiwa

Tuchukue mfano wa mhudumu anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 6 na miezi 8, mwenye siku 14 za likizo ambazo hakuzichukua, na anayetoka tarehe 18 ya mwezi.

Malipo ya kupunguzwa ni angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ile miezi 8 haihesabiwi. Ukigawanya mshahara kwa siku 30, siku moja ni 1,000. Siku 15 ni 15,000. Mara miaka 6 ni 90,000. Wengine hugawanya kwa siku 26 za kazi, na hapo inafika takriban 103,846. Tofauti hiyo ni ya kujadiliwa mezani, kwa hiyo uliza walitumia kigawanyo gani. Mshahara wa notisi, kama hawakukuacha ufanye kazi mwezi huo, ni 30,000. Likizo ni siku za kazi, kwa hiyo gawa kwa 26: siku 14 ni takriban 16,154. Siku 18 ulizofanya kazi mwezi wa mwisho ni 18,000. Jumla, kwa hesabu ya chini, ni 154,154 kabla ya makato.

Siku 15 ni sakafu. Kama kazini kwenu chama kina mkataba wa pamoja, ule unaoitwa CBA, kiwango kinaweza kuwa cha juu, na hicho ndicho kinacholipwa. Muulize mwakilishi wa chama akupe nakala, usome mwenyewe. Aliye chini ya mwaka mmoja hapati malipo ya kupunguzwa, lakini notisi, likizo na siku za kazi anazidai.

Makato yatakuwepo: kodi ya mapato, mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo), pengine mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara. Dai mchanganuo, mstari kwa mstari. Kabla ya siku ya mwisho pitia sako na benki. Mikopo mingine ina bima ya kupoteza kazi ambayo mkopaji mwenyewe haikumbuki, na wadhamini wako wa sako ni heri wasikie kutoka kwako.

Kampuni ikifilisika, kifungu cha 40 hakitumiki. Wasilisha dai lako mapema kwa msimamizi wa ufilisi. Hoteli ikiuzwa, mnunuzi hawajibiki moja kwa moja kukuchukua wewe na miaka yako. Mlipaji ni yule wa zamani, isipokuwa mpya amekubali kwa maandishi.

Hatua ya 6: Kalamu

Kupokea barua na kukubali barua ni vitu viwili. Wakikuambia utie sahihi, andika juu yake: "Nimepokea. Sijakubali yaliyomo. Haki zangu nimezihifadhi," kisha tarehe na saa.

Hatari kubwa ni ile fomu ya mwisho inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lingine. Wengi huamini karatasi kama hiyo haina nguvu kwa sababu "nilikuwa na shida". Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyohusu kampuni ya Coastal Bottlers ya hapa Mombasa, ilishikilia makubaliano ya namna hiyo kuwa yanamfunga mfanyakazi aliyeyatia sahihi kwa hiari akijua anachofanya. Omba siku mbili tatu, mwonyeshe mtu anayejua, kisha uamue. Wakisema hakuna hundi bila sahihi, liandike hilo kwenye barua pepe siku hiyohiyo: nani alisema, saa ngapi, nani alikuwepo.

Dai pia cheti cha utumishi. Ni haki yako ukiwa umefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, na hakitegemei kama mmeachana vizuri. Kitaonyesha tarehe ulizoanza na kumaliza, na aina ya kazi. Sifa nzuri si lazima wakuandikie.

Hatua ya 7: Mlango wa kubisha

Malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi 3 tangu kuachishwa. Ataita pande zote na kujaribu kuwapatanisha, na hulipi. Hana nguvu za korti, lakini wapo waajiri wanaolipa barua ya leba inapofika tu. Chama kikikuwakilisha, mgogoro wa kuachishwa kazi huripotiwa kwa waziri wa leba ndani ya siku 90, kwa hiyo wasukume viongozi wako mapema.

Kortini una miaka 3. Mazungumzo hayasimamishi saa: ukiburuzwa kwa ahadi za "tunalishughulikia" miaka 3 ikapita, dai limekufa. Kama mshahara wako haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi huanzia kwa hakimu. Ukizidi hapo, ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Mombasa. Ukishinda, korti inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, juu ya stahili zako za kawaida, au kukurudisha kazini, ingawa hili la mwisho ni nadra. Miezi 12 ni kilele, na mwajiri aliyekosea kidogo hatozwi yote. Usiye na uwezo wa wakili, mashirika ya msaada wa kisheria ya Kituo Cha Sheria na FIDA-Kenya, hili la pili likiwa la mawakili wanawake na huwashughulikia wanawake hasa, yana ofisi mjini.

Kwa mjamzito kuna jambo la kufanya wiki ileile ya kutoka, kabla ya korti na leba. Makato ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ya asilimia 2.75 yalikuwa yakitoka kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, nayo yanakoma. Piga *147#, angalia hali yako, na ujisajili upya kama mchangiaji asiye na mwajiri. Mchango wa walio nje ya ajira hulipwa kwa mwaka, kwa hiyo utengee pesa katika ile hundi ya mwisho, kabla haijaguswa na kodi ya nyumba.